Nimeuziwa jiko la kuchomea nyama lisiloendana na mtungi, halafu naambiwa "gesi ni gesi"

Wakuu, nina hasira tangu Jumapili, leo acha nizitapike.

Mwezi jana nilinunua jiko la gesi la kuchomea nyama, lile kubwa lenye mfuniko na magurudumu, duka moja hapa Dar. Laki tisa na nusu, taslimu. Muuzaji akalisifia weee: la Marekani, vichomeo vitatu, "hili bosi utamrithisha mwanao". Fundi wao akaja nyumbani, akafunga mpira na regulata kwenye mtungi wangu wa kilo 15, akachukua nauli akasepa. Hata kuliwasha hakuliwasha.

Jumapili nimealika watu, mama mkwe akiwemo. Nikapaka povu la sabuni kwenye maungio yote, hakuna panapovuja. Nikafunua mfuniko kwanza (usiliwashe likiwa limefunikwa, gesi ikijikusanya humo itakulipukia usoni), nikawasha. Moto ukatoka wa njano, mrefu, unapita juu ya wavu kama kibatari kilichovutwa utambi. Napunguza hadi mwisho, bado njano. Dakika kumi kuku kawa mweusi kwa masizi, ukipasua paja damu inachuruzika. Mama mkwe akaangalia sahani, akauliza taratibu, "Mwanangu, kwani mkaa uliisha?"

Nikawapigia. Jibu: "Jiko jipya hilo, linajisafisha. Fungua mtungi nusu."

Aliyenitoa tongotongo ni jirani yangu, mpishi wa hotelini. Akainama nyuma ya jiko, akapangusa kibati, herufi mbili: NG. Yaani limetengenezwa kwa gesi asilia ya bomba, jamii ya ile ya Songosongo, ambayo sehemu kubwa ni methani. Kwenye mitungi yetu ni propani na butani. Kwa ujazo uleule, gesi ya mtungi ina joto kama mara mbili na nusu ya ile ya bomba, kwa hiyo jiko la bomba hutobolewa nozeli (vitundu vya kutolea gesi) pana. Ukipitisha ya mtungi kwenye tundu hizo, gesi inamwagika nyingi, hewa haitoshi, haiungui ikaisha. Ndiyo hayo masizi. Moto ulio sawa ni wa bluu. Tena moto wa hivyo unatoa kaboni monoksaidi, na mimi siku ile manyunyu yalipoanza nilitaka kuliingiza jikoni!

Nikarudi dukani na picha ya kibati. "Kaka, gesi ni gesi. Tumeuza mengi, hajarudi mtu." Akanionyesha chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Sawa, kama nimebadili mawazo. Lakini niliwaambia kabla sijatoa hela kwamba natumia mtungi, na fundi wao ndiye aliyeufunga kwa mikono yake! Hapo nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, au nakosea?

Risiti ninayo, picha ninazo. Aliyewahi kupeleka kesi ya namna hii Tume ya Ushindani anipe utaratibu. Na kama kuna anayejua zinakopatikana nozeli za gesi ya mtungi, zinazoendana na jiko lenyewe, aniambie. Sitaki fundi wa kuniambia ataziba tundu kwa risasi halafu atoboe upya na msumari, huyo nimeshampata jana.