Kikundi cha ukoo: Probox imeoshwa na nani?

*Jumapili, baada ya isha*

Swaleh: Assalam aleikum watu wa nyumbani. Leo nina swali la kupiga soga tu. Kila mtu aseme, mbio gani za vyombo vya moto apenda kutazama? Magari, pikipiki, chochote. Na aliyewahi kushindana mwenyewe asimulie.

Khadija: Waaleikum salaam. Siku tatu simu hupokei, leo waja na mbio za magari?

Swaleh: Mama, kazi ya mayai ilinibana. Jibu swali kwanza 😅

Zuhura (Nakuru): Mimi Safari Rally, jingine silijui. 2022 tulilala Soysambu ndani ya gari, watu sita, baridi ya kufa mtu. Asubuhi wasikia helikopta kwanza, halafu waona vumbi linapanda nyuma ya mti, halafu gari lenyewe limeshakupita. Sekunde tatu! Kisha unakaa dakika kadhaa unatema mchanga, ukingoja la pili.

Feisal (Muscat): Sekunde tatu kwa usiku mzima wa baridi. Na nyie mwajiona mna akili.

Zuhura (Nakuru): Wewe hujaiona feshfesh, Feisal. Lile vumbi laini kama unga wa ngano, gari linazama mpaka boneti haionekani. Magari yenyewe yalifungwa bomba la kuvutia hewa likapanda hadi juu ya paa, la sivyo injini inakula mchanga. Na mwaka huo Toyota walichukua nafasi zote nne za mwanzo: Rovanperä, Evans, Katsuta, Ogier. 2023 wakarudia, wale wale wanne, mpangilio tu ndio uliobadilika.

Swaleh: Mimi siisahau ya 2021, iliporudi kwenye ratiba ya dunia mara ya kwanza tangu 2002. Neuville aliamka Jumapili akiongoza, karibu dakika nzima mbele ya wenzake. Mkondo wa kwanza tu wa asubuhi, shokapu kwisha. Ogier akabeba kombe.

Kombo: Hiyo mnayoisifu ni rally ya watoto. Kilomita mia tatu na kitu za kushindana, barabara imefungwa, jioni dereva anaoga na kulala kitandani. Safari ya Pasaka zamani ilikuwa kilomita elfu tano, usiku na mchana, na barabara haifungwi. Dereva aja mbio, wewe watoka shambani na mkokoteni wako. Timu zenye pesa zilirusha ndege mbele kuangalia ng'ombe.

Kombo: 1963 walimaliza magari saba peke yake. 1968 tena saba. Hesabuni.

Zuhura (Nakuru): Baba, mwaka huo wa 1963 ulikuwa hujazaliwa.

Kombo: Historia haitaki uwe umezaliwa.

Mwana (Tanga): Jamani, na nyie Wakenya mnavyoisimulia kama vile ilikuwa yenu peke yenu. Ilianza 1953 kwa ajili ya kumsherehekea Malkia kutawazwa, ikapita Kenya, Uganda na huku kwetu Tanganyika. Na 1966 na 1967 aliyeshinda ni Bert Shankland, Mskoti wa Dar, na Peugeot 404. Mara mbili mfululizo. Andikeni hilo.

Kombo: Dada, Shankland simpingi. Lakini mfalme ni Shekhar Mehta. Mara tano! 1973, halafu 1979 mpaka 1982 bila kumwachia mtu. Na ile ya 1973 alilingana dakika za adhabu za kuchelewa na Källström sawasawa, wote na Datsun. Ikabidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Mehta. Huyo alikuwa ametoka Uganda karibuni tu, Amin amewafukuza Wahindi.

Mwana (Tanga): Na Joginder?

Kombo: Joginder Singh mara tatu. 1965 na Volvo, 1974 na 1976 na Mitsubishi. Joginder ni Simba. Mehta ni mfalme. Simba na mfalme si kitu kimoja.

Feisal (Muscat): Mjomba, kila mwaka unaligeuza hilo 😂 Mwaka jana Joginder ndiye aliyekuwa mfalme.

Feisal (Muscat): Mimi nawaambia, Langalanga, yaani Formula 1. Unakaa kwenye kiti, kiyoyozi, kahawa na halua mezani, magari ishirini hivi yanapita mbele yako mizunguko mingi. Humezi vumbi.

Zuhura (Nakuru): Na mshindi umeshamjua mzunguko wa kwanza.

Feisal (Muscat): Si kila mara. Halafu hapa tuna mtu wetu, Ahmad Al Harthy. Si wa Langalanga, ni wa mbio za masaa mengi. 2024 alikuwa gari moja na Valentino Rossi, yule bingwa wa pikipiki, kwenye BMW. Wakaenda mpaka Le Mans, zile mbio za masaa ishirini na nne za Ufaransa.

Mwana (Tanga): Harthy! Hao wametapakaa mpaka Unguja. Muulize babu yake alizikwa wapi, usikute tuna deni la pilau.

Swaleh: Feisal, si wewe ulijaribu kart?

Feisal (Muscat): Nilijaribu. Wenzangu wa kazini walinipeleka uwanjani hapa Muscat. Ukikitazama kile kigari ni kama kiti cha plastiki kimewekewa injini ya kukata nyasi. Nikasema dakika kumi ni nini. Wallahi mbavu ziliniuma wiki nzima, hakuna springi, kila jiwe unalipokea na uti wa mgongo. Mikono ilitetemeka mpaka nikashindwa kushika kikombe. Na alinipita mtoto wa miaka kumi na moja. Mara mbili. Mara ya pili alinipungia mkono.

Zuhura (Nakuru): 😂😂😂 Alikuamkia shikamoo?

Khadija: Mwataka za kushindana? Muulizeni Kombo habari ya kigari cha beringi.

Kombo: Hiyo haitajwi.

Khadija: Tuko Voi, marehemu baba yuko reli. Kila Pasaka ikishapita watoto wote ni Mehta, hakuna anayekubali kuwa mtu mwingine. Kombo akaokota beringi nne, akapigilia mbao za sanduku la chai, kamba ndiyo usukani. Akaniambia, Khadija, dereva ana mwelekezi, wewe kaa nyuma uniambie kona. Tukapelekwa mpaka juu kule njia ya Wundanyi kwenye lori la mkaa.

Khadija: Kumbe hakuweka breki. Breki ilikuwa mimi.

Kombo: Nilikwambia uteremshe miguu!

Khadija: Nilikuwa na ndara za mpira, Kombo. Ziliyeyuka. Goti langu la kushoto mpaka leo mvua ikitaka kunyesha lanijuza kabla ya redio. Na walioshinda ni watoto wa mwalimu, wao walikuwa na kipande cha tairi nyuma cha kukanyagia.

Kombo: Tulikuwa tunaongoza mpaka kona ya mwisho. Kama Neuville.

Mwana (Tanga): Mimi ndiye niliyechapwa kwa kosa hilo kwa kuwa ndiye mkubwa. Hilo halisimuliwi.

Swaleh: Basi mwaona? Kushindana kumo damuni. Na siku hizi si hatari vile. Kuna autocross, si mwendo wa kutisha. Uwanja wa udongo, gari moja moja, unashindana na saa. Hata watoto wana daraja lao la vibuggy, vile vigari vidogo vya wazi. Mtu wa kawaida na gari lake la kawaida anaingia.

Zuhura (Nakuru): Ndiyo, nishawahi kwenda kutazama. Tamu. Kuliko ile Rhino Charge anayoisifu bosi wangu. Kule hata mbio si mbio, vituo kumi na vitatu porini, masaa kumi, na mshindi ni aliyetembea umbali mfupi zaidi. Watu wanashusha gari bondeni kwa kamba. Pesa zaenda kwenye ua wa kuhifadhi misitu, jambo jema, lakini kwa mtazamaji ni kuangalia Land Rover ikifikiri.

Swaleh: Autocross ni tofauti kabisa. Ule udongo mwekundu ukishalowa asubuhi ni kama sabuni, lakini ikifika saa sita umekauka, gari lashika vizuri. Kona ya tatu ndiyo yenye hila, inajikunja ndani. Ukivuta breki ya mkono mapema mkia unajitupa unapoteza sekunde mbili. Na gari isiyo na mzigo nyuma inarukaruka, yataka upunguze upepo wa tairi kidogo.

Zuhura (Nakuru): Swaleh.

Swaleh: Naam.

Zuhura (Nakuru): Kona ya tatu ya wapi?

Swaleh: Niliambiwa tu na watu.

Kombo: Ngoja kidogo.

Kombo: Ile picha ya Probox uliyonitumia leo mchana, uliposema mayai yamefika salama. Nimeifungua kwenye simu ya mama yako, ni kubwa.

Kombo: Hiyo gari imeoshwa.

Swaleh: Usafi ni katika imani, mjomba.

Kombo: Miaka sita ninayo gari hiyo. Haijawahi kuoshwa mpaka ikaonyesha rangi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau ni nyeupe. Na mlangoni pana alama ya gundi, mraba mzuri kabisa. Ilikuwa namba ngapi?

Feisal (Muscat): 🍿

Khadija: Swaleh, mjibu mjomba wako.

Swaleh: 47.

Khadija: Ya Rabi.

Swaleh: Mama, nisikilizeni kwanza kabla ya hukumu. Mayai nilipeleka yote Ijumaa. Jana gari ilikuwa imelala. Niliingia daraja la magari yasiyo na tabo (turbo), yanayovuta magurudumu mawili, la chini kabisa. Helmeti niliazima. Wanakagua gari kwelikweli, mkanda, betri imefungwa, hakuna kitu kinachotembea ndani. Yule mkaguzi akapitisha mkono chini ya kiti akatoka na yai.

Zuhura (Nakuru): Zima??

Swaleh: Zima. Akaliangalia, akaniangalia, akaniwekea mfukoni.

Mwana (Tanga): Mimi nimeshacheka mpaka jirani kaja kuuliza.

Swaleh: Mara ya kwanza nilizima gari pale pale mwanzo, kwa woga. Mara ya pili niligonga tairi tatu za kando. Ya tatu ndiyo nilikwenda. Sijui niielezeeje. Hupati nafasi ya kuwaza kodi wala nani hajalipa trei zake. Ni wewe na kona inayokuja. Nilishuka miguu haina nguvu, nacheka peke yangu kama mwehu.

Khadija: Na ulikuwa wa ngapi, baada ya kutuvunjia heshima?

Swaleh: Wa pili kutoka mwisho.

Feisal (Muscat): Na wa mwisho?

Swaleh: Injini yake ilikufa.

Swaleh: Na kuna binti wa miaka tisa wa buggy aliyenizidi sekunde kumi na moja. Feisal, sasa nakuelewa ndugu yangu.

Kombo: Cheka. Gari ina nini?

Swaleh: Shokapu mbili za nyuma zinavuja. Na gadi ya sampu, lile bamba la kukinga injini chini, imekunjika kidogo. Lakini mjomba, hata Neuville shokapu ilimwangusha, na yule ana kiwanda kizima nyuma yake.

Kombo: Neuville hakuazima gari ya mayai.

Khadija: Kesho gari inarudi Mombasa. Mayai utabeba na bodaboda.

Mwana (Tanga): Khadija, usimkaange mtoto mbele za watu. Kombo alipokuwa na umri huo alilala mahabusu ya Mariakani kwa kushindana na basi. Au hilo pia halisimuliwi?

Zuhura (Nakuru): BABA???

Kombo: Basi lilianza.

*Dakika chache baadaye*

Khadija: Nyanya ameamka kwa kelele za simu, nimemsomea yote. Anasema niandike maneno yake kama alivyoyatamka, nisipunguze.

Khadija: "Mwaka mmoja wa mvua kubwa, Pasaka, usiku, gari la mashindano lilisimama pale kwetu Voi linafuka moshi. Wazungu wawili wamepakaa tope mpaka kwenye kope. Wakaniashiria maji. Maji ya bomba hayakuwepo, nikawapa ndoo niliyokuwa nimemwekea babu yenu aoge akitoka zamu. Wakamimina yote kwenye rejeta, wakaondoka mbio. Na ndoo yangu. Ndoo ya bati, mpya, ya mkopo dukani. Babu yenu akaja akanikuta natazama barabara. Nikamwambia maji yamekwenda kushindana."

Feisal (Muscat): Nyanya 😂😂 Walishinda?

Khadija: Anasema hajui, lakini kama walifika ni kwa maji yake. Anauliza pia, Swaleh, hiyo autocross nyingine ni lini, na kama kiti cha mbele kina mkanda.

Swaleh: Mwisho wa mwezi ujao. Mwambie kina mkanda, nyanya wangu kipenzi ❤️

Khadija: Mama haendi popote! Nyote mmepatwa na nini leo? Mimi nalala.

Kombo: Shokapu utanunua wewe, zote mbili, na usiniletee zile za bei rahisi. Gadi nitainyoosha mwenyewe. Mambo yamekwisha, watu walale.

Zuhura (Nakuru): Usiku mwema baba. Salamu zao Mariakani.

*Saa sita kasoro usiku*

Kombo: Sasa sikiliza. Breki ya mkono huvuti kabla. Kwanza kata usukani, acha pua iingie kwenye kona, kanyaga klachi, ndipo uvute, kwa kiasi cha kusema bismillah tu, halafu achia na mafuta. Na toa kile kiti cha nyuma, ni kilo za bure. Mama yako asijue.

Khadija: Kombo. Hapa ni kikundini.

Kombo: *Ujumbe huu umefutwa*