Trail Ridge Road kwa siku moja: tusimame wapi, tupite wapi?

MsafiriWaJuu:
Wakuu habari zenu. Mwezi wa saba tutakuwa Colorado na tumetenga siku moja ya kupita Trail Ridge Road, ndani ya Hifadhi ya Rocky Mountain. Tunalala Estes Park, tunavuka hadi upande wa Grand Lake, tunarudi kwa barabara hiyo hiyo. Gari ni la kukodi, la petroli, gia otomatiki. Tuko wanne, mmoja ni mama wa miaka 70, mzima wa afya ila magoti yanamsumbua. Ramani imejaa alama za vituo vya kutazama mandhari na kote hatuwezi kusimama. Vipi ni vya lazima, vipi turuke, na tutoke saa ngapi?

KonaKali:
Karibu mkuu. Wengi huharibu siku kwa kusimama kila penye nafasi wakati wa kupanda. Wanafika juu saa saba mchana, na hiyo ndiyo saa ya radi. Julai na Agosti mawingu hujikusanya alasiri nyingi, na takriban kilomita 18 za barabara hii ziko juu ya mpaka wa miti. Huko kitu kirefu kuliko vyote ni wewe. Kwa hiyo pandeni moja kwa moja, vya juu muvione asubuhi, vya chini vingoje mkirudi.

Pita geti saa moja au saa mbili asubuhi. Kwa utaratibu wa 2025, kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Oktoba, anayeingia kati ya saa tatu asubuhi na saa nane mchana lazima awe na nafasi ya muda iliyokatwa mtandaoni Recreation.gov. Ukiingia kabla ya hapo huihitaji kwa barabara hii, ila kiingilio cha hifadhi unalipa kama kawaida. Utaratibu huo hubadilishwa, soma wa mwaka mnaokwenda.

Simameni kwanza Forest Canyon Overlook, mita 3,571. Njia ya kwenda ukingoni ni fupi na ina lami. Chini yenu kuna bonde lililochongwa na barafu, kina chake kama mita 760, na Mto Big Thompson unapita humo. Choo hakuna.

Kinachofuata ni Rock Cut, mita 3,691, na hapa ndipo pa kukaa. Choo kipo. Kijia cha Tundra Communities ni kama kilomita 1.8 kwenda na kurudi, kina lami lakini kinapanda. Mama hana haja ya kukimaliza: maua ya tundra (uoto mfupi wa mahali pa baridi pasipoota miti), mengine madogo kuliko ukucha, yanaanza pembeni mwa njia hatua chache tu kutoka kwenye gari. Msitoke nje ya lami. Rock Cut, Forest Canyon, Gore Range na eneo la Alpine Visitor Center yote yametengwa kulinda tundra, kukanyaga nje ya njia ni marufuku. Majira ya kukua kule ni wiki chache kwa mwaka, ndiyo maana alama ya kiatu inaweza kubaki miaka mingi.

Lava Cliffs piteni polepole tu. Jina lenyewe linadanganya: ule ukuta si lava, ni majivu ya volkano yaliyoshikana yakawa jiwe, ya miaka kama milioni 28 iliyopita. Mbele kidogo, kabla ya Gore Range Overlook, mnapita kilele cha barabara, mita 3,713. Msipoteze muda kutafuta kibao cha kupigia picha.

Alpine Visitor Center, mita 3,595, fikeni kabla ya saa nne asubuhi, baada ya hapo maegesho hujaa na mtazunguka bure. Pale kuna vyoo, duka na chakula. Nyuma ya jengo mnatazama bakuli kubwa la mlima, na mara nyingi kundi la elk, wale kulungu wakubwa, linakula huko chini. Darubini ndogo itawafaa. Ngazi za Alpine Ridge zilizo jirani mwepusheni mama. Ni fupi, ila hata vijana hutweta.

Halafu teremkeni Milner Pass, mita 3,279. Hapo ndipo barabara inavuka mgawanyo wa maji wa bara. Ajabu yake ni kwamba ni chini kuliko mlikotoka. Tone linaloangukia mashariki linaelekea Mississippi, la magharibi linaelekea Mto Colorado. Malizieni Farview Curve, kisha geuzeni. Kuanzia hapo hadi Grand Lake ni bonde na msitu, na sehemu yake iliungua katika moto wa East Troublesome wa Oktoba 2020. Si pabaya, ila kwa siku moja hapalipi saa mnazotumia.

Lenzi50:
Naunga mkono mpango huo, na kwa mwenye kamera kuna sababu ya pili: mwanga. Farview Curve inatazama magharibi, kwenye milima ya Never Summer. Asubuhi jua liko mgongoni kwako na milima yote imewaka. Tazama vizuri, utaona mstari umekatwa ubavuni mwa milima hiyo kama mtu kaupiga kwa rula. Huo ni Grand Ditch, mfereji ulioanza kuchimbwa 1890 kupeleka maji ya magharibi upande wa mashariki.

Rainbow Curve (mita 3,301) na Many Parks Curve (mita 2,938) ni kinyume, zinatazama zaidi mashariki. Asubuhi utapiga jua lenyewe. Mkirudi alasiri mtaona Horseshoe Park kule chini na lile tandazo la mawe na mchanga, lenye umbo la upepeo, lililoletwa na mafuriko ya bwawa la Lawn Lake, Julai 1982. Rainbow Curve ina choo. Juu yake kidogo angalieni miti yenye matawi upande mmoja tu. Upande wa pili upepo umeyala.

Mkilazimika kuacha kimoja, acheni Many Parks.

GiaNdogo:
Nyie mnasema vituo, mimi nasema breki. Mteremko wa barabara hii haupiti asilimia 7, si mkali, ila ni mrefu. Anayeteremka kwenye D huku mguu haubanduki kwenye breki anazichemsha: pedi zinapoteza mshiko, pedali inalegea, harufu ya kuungua inaingia ndani. Weka L, au 2, au sehemu ya kubadilisha gia kwa mkono, kabla mteremko haujaanza. Injini ilie kwenye mizunguko 3,000 hadi 4,000, haina neno. Breki ikanyage imara kwa muda mfupi, punguza mwendo, achia kabisa ipoe, rudia. Ukisikia harufu, simama kituoni nusu saa, wala usimwage maji kwenye gurudumu, diski itapinda.

Wakati wa kupanda, injini isiyo na tabo inapoteza karibu theluthi ya nguvu huko juu. Gari zito si bovu. Mafuta jaza Estes Park, ndani ya hifadhi hakuna kituo.

Na juu ya Rainbow Curve kuna sehemu ndefu hazina kingo. Dereva atazame barabara. Abiria watamsimulia.

MsafiriWaJuu:
Asanteni sana wakuu. Je, mama akipata kizunguzungu tukiwa juu?

HewaNyembamba:
Kwenye mita 3,700 kila pumzi ina chini kidogo ya theluthi mbili ya oksijeni ya usawa wa bahari. Estes Park ni mita 2,293, laleni pale usiku mmoja au miwili kabla ya kupanda, inasaidia sana. Siku hiyo anywe maji, ale kidogo kidogo, atembee mwendo wa kuongea bila kuhema. Kama ana moyo, pumu au presha, amwone daktari wake kabla ya safari.

Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Kichefuchefu, kuyumba, au kuhema akiwa amekaa: hapo hakuna kupumzika kwenye duka ili ipite, mnashuka. Kutoka Rock Cut kurudi Estes Park mnapunguza mita 1,400, na wengi hali yao hubadilika wakiwa bado njiani. Akianza kuchanganyikiwa au kuhema kusikoisha hata baada ya kushuka, ni hospitali.

Radi ikianza mkiwa kijiani, rudini kwenye gari, madirisha juu. Msijikinge chini ya mwamba. Na koti mchukue hata kama Estes Park ni joto, upepo wa Rock Cut haujui kama ni Julai.