Tupeane uzoefu: matairi mapya ya gari Kampala, ulinunua wapi na nani alikufungia?

Mwanzisha mada, Ntinda

Wakuu, salaam. Matairi ya Toyota Premio yangu yanaisha meno, mawili ya mbele yanaelekea kuwa vipara, na Desemba nina safari ya Arua. Saizi ni 195/65R15. Nimeulizia bei hapa na pale. Kwenye soko la vipuri la Kisekka nimetajiwa laki mbili na nusu kwa tairi jipya la Kichina, na ukibembeleza inashuka. Duka moja la Industrial Area lenye mashine linataka karibu laki nne na nusu kwa la Kijapani, kufunga na kubalansi (kusawazisha uzito wa gurudumu) humo humo, alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa magurudumu) unalipa kando. Halafu kuna ya mtumba kule Ndeeba, laki moja na kitu, yanang'aa kama viatu vya harusi.

Sitaki kuambiwa "nenda kwa fulani" basi. Nieleze kwako ilikuwaje: ulinunua wapi, alikufungia nani, na tairi lilipoleta matata nani alilipokea?

Dereva wa taksi, barabara ya Mukono

Kung'aa kwa mtumba ni rangi tu, mkuu. Wanapaka nyeusi, na wengine wanachonga meno upya kwa kisu cha moto. Chungulia ndani ya mifereji, utafute vile vinundu vidogo vya mpira vinavyokuja na tairi kutoka kiwandani. Ubavuni pameandikwa TWI kuonyesha vilipo. Vina kimo cha milimita 1.6, na meno yakilingana navyo tairi limekwisha. Kisu kikishapita, vinundu navyo vimekatwa. Usipoviona, rudisha pesa mfukoni.

La pili ni tarehe. Tafuta herufi DOT, kisha soma tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarakimu hizo zipo upande mmoja tu, na tairi likishafungwa upande huo umegeukia ndani, utalala chini ya gari kuzitafuta. Soma kabla halijapanda kwenye ringi.

Mtumba mimi natumia, sikatai. Mjini, foleni tupu, hufiki hata sitini. Ila mpira wa zamani, abiria wamejaa, upepo pungufu na lami ya saa nane mchana, hapo ndipo tairi linapopasuka. Kwa Arua usijaribu. Na wenye Hiace, hakikisheni saizi inaishia na herufi C, yaani tairi la kubeba mzigo. Muuzaji mmoja alitaka kunipa tairi la gari dogo la ringi 15 eti "linaingia". Kuingia linaingia.

Mama Shamim, Kyaliwajjala

Mimi nilianzia duka la mashine, maana kwa mafundi wa barabarani mwanamke ukishuka tu kwenye gari bei inapanda. Kumbe kwenye mashine nako bei inapanda, ila kwa adabu. Nilikwenda kununua mawili, kijana akazunguka gari, akarudi: "Nyabo, shokapu zimekufa, boljointi zimekufa, na hizi breki hazikufikishi nyumbani." Nikamwambia afunge matairi, hayo mengine nitaongea na fundi wangu. Fundi wangu akakuta boljointi moja kweli ina mchezo. Shokapu hazikuwa na tatizo lolote.

Tangu hapo, kabla ya kwenda dukani naangalia kwanza tairi la zamani limeisha vipi. Likiisha katikati, upepo ulikuwa mwingi. Likiisha kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Likiisha ukingo wa ndani peke yake, hiyo ni alaimenti au kuna kitu kimelegea chini, na ukifunga jipya bila kurekebisha, nalo litaliwa vilevile. Fundi anayeniuzia tairi bila kulitazama la zamani mimi simwamini sana. Alaimenti naomba wanichapishie karatasi ya vipimo, kabla na baada. Wanaosema printa imeharibika nawapigia hesabu yangu.

Mkenya wa Bugolobi

Sisi tuliozoea Yana za Nairobi tulibaki yatima mwaka 2016, Sameer, waliokuwa wakitengeneza matairi hayo, walipofunga kiwanda. Baada ya hapo nikawa nanunulia Busia nikitoka kusalimia nyumbani, upande wa Kenya, napakia kwenye buti. Bei ilikuwa nzuri. Kisha tairi moja likatoa uvimbe ubavuni lingali jipya. Nikampigia muuzaji, akaniambia nilipeleke alione. Hesabu ya mafuta, siku ya kazi na foleni ya mpakani ikanishinda. Sasa nanunua mahali ninapoweza kurudi kwa boda. Na mwambie muuzaji aandike zile tarakimu za DOT kwenye risiti. Risiti iliyoandikwa "tairi 4" haina ushahidi wowote.

Kijana wa Arua

Karibu huku, mkuu. Fundi wetu wa mtaani hodari, anatoa tairi kwa vyuma viwili na magoti, ila ringi za aloi anazikwaruza ukingoni, na tairi lisilo na tyubu linahitaji ukingo safi ili lishike upepo. Yangu yalikuwa yananywea kila baada ya siku chache. Mashine ya kubalansi pia hana. Mjini husikii kitu. Ukifika themanini, tisini, usukani unaanza kutetemeka mikononi. Ukiwa Kampala malizia huko huko, maana ni karibu kilomita 500, na ukishapita Karuma kuelekea Pakwach mafundi ni wa kuhesabu.

Afande mstaafu

Kama pesa inatosha mawili tu, mapya yaende nyuma.

Dereva wa taksi, barabara ya Mukono

Afande, kwa heshima, Premio inavuta kwa mbele. Mapya si yakae mbele yanapofanya kazi?

Afande mstaafu

Kijana wangu, kwenye mvua mbele ikiteleza gari linakwenda moja kwa moja, unaachia mafuta, linarudi. Nyuma ikiteleza gari linazunguka, na hapo huna la kufanya. Hata watengenezaji wa matairi wanasema mapya yawe nyuma, gari livute kwa mbele au kwa nyuma. Nimeendesha magari ya kila aina, hilo sibishani nalo.

Mwalimu, Luweero

Wote mmeongelea tairi, hakuna aliyetaja nati. Kituo kimoja cha mafuta walinifungia kwa ile bunduki ya upepo, trrr, wakamaliza. Nikapata pancha usiku karibu na Kafu, spana ya gari ikagoma kabisa. Nilisimama juu yake, mimi na uzito wangu huu, nati haikugeuka. Dereva wa lori ndiye aliyeniokoa kwa bomba refu. Nati za Toyota ndogo nyingi hutaka nguvu ya nyutoni-mita 103, ambayo mkono na spana ya kawaida vinaifikia. Sasa fundi akitumia bunduki namwomba aishie nusu, amalizie kwa mkono, nikiwa nimesimama pale. Na baada ya kilomita hamsini hadi mia nazikaza tena.

Upepo nao: kuna mafundi wanajaza psi 40 kila gari, "nyabo, ssebo, barabara mbaya". Fungua mlango wa dereva usome kibandiko. Kwa magari yaliyotoka Japani kimeandikwa kwa kilopaskali. 220 ni sawa na psi 32 hivi. Pima asubuhi, kabla gari halijatembea.

Mwanzisha mada, Ntinda

Nashukuru sana, wakuu. Nimefanya hivi. Ya Kijapani yamenishinda, Desemba ina ada za muhula ujao. Nimechukua manne mapya ya Kichina kutoka Kisekka, yote ya mwaka huu, tumezisoma tarakimu pamoja na muuzaji na akaziandika kwenye risiti huku akilalamika kwamba mimi ni mteja mgumu. Pale nje alikuwapo fundi wake wa kufunga bure. Nimekataa, nikayapeleka kwenye duka la mashine. Walinichaji kufunga na kubalansi tairi la kuletwa, na jamaa wa mapokezi hakufurahi, ila alaimenti wamefanya na karatasi ninayo. Mama Shamim, kweli walinitajia shokapu.

Ya zamani walitaka kubaki nayo. Nimeyachukua, mawili bado yana meno.

Limebaki la spea. Nimelisoma leo: 0811. Lilikuja na gari kutoka Japani na halijawahi kugusa lami.

Dereva wa taksi, barabara ya Mukono

Hilo lipe watoto wachezee. Katika yale mawili, chagua lenye meno zaidi, lifunge kwenye ringi ya spea kabla hujaondoka.