Wakuu naomba ushauri: Mtwara mpaka jangwa la Chalbi, gari moja na mtu mmoja

MwanaMsimbati
Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Mimi niko hapa Mtwara mjini, na msimu wa korosho ukishaisha na hela ikaingia nataka mwezi wa pili nitoke na Prado yangu, ile ya zamani ya 1KZ dizeli, niende mpaka jangwa la Chalbi kaskazini mwa Kenya. Njia niliyoipanga ni Dar, Arusha, navukia Namanga, Nairobi, Isiolo, Marsabit, halafu ndo naingia jangwani Kalacha na North Horr natokea Loiyangalani ziwa Turkana. Mpaka Marsabit ni lami, sina wasiwasi. Mchanga nimeuzoea, pale Msimbati naendesha ufukweni kila nikipata nafasi.

Kinachoniumiza kichwa ni kwenda peke yangu. Jamaa yangu wa Masasi tuliyepanga naye kapata kazi mpya, ruhusa hana. Mama watoto kasema apatikane mtu wa pili la sivyo nisiende. Na hii safari naitamani toka niko kijana, nikianza kusubiri watu naona miaka itakatika tu. Mwenye kuijua ile njia aniambie ukweli, tamu yake na chungu yake.

BintiNewala
Kaka angu mimi niko upande wa wifi. Mwaka 2024 kile kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Lindi–Dar watu walilala njiani na watoto, na hapo ni barabara kuu, kuna mabasi, kuna mama ntilie, kuna mtandao. Sasa wewe uharibikiwe sehemu haipiti gari mpaka kesho yake utamwita nani?

Kangomba_Mstaafu
Nenda mkuu, gari unalo na afya unayo. Ila beba bunduki 😄

DerevaMasafa
Hapo kwenye bunduki msimdanganye mwenzenu, atafungwa hata kabla hajalivuka geti la Namanga.

Mleta uzi mimi nimekaa Marsabit kikazi na hizo njia nimezipita, ngoja nikwambie ninavyoijua. Lami usiihofie. Zamani kabla haijawekwa, magari ya Isiolo–Moyale yalikuwa yanakwenda kwa msafara na askari juu, siku hizi unatembea vizuri tu mchana, usiku usiendeshe, ngamia na punda wanalala barabarani. Ukitoka Marsabit kwenda juu unakutana na Dida Galgalu, mawe meusi ya volkano mpaka macho yanapoishia, mti hakuna. Pale Bubisa unaiacha lami unashika ya Maikona na Kalacha.

Sasa Chalbi yenyewe. Msimbati imekufundisha mchanga, ila Chalbi mchanga sio tatizo lake kubwa. Ile ilikuwa ziwa zamani za kale, kwa hiyo chini ni udongo na chumvi. Juu unaona ganda jeupe limekauka limepasuka pasuka, gari linateleza vizuri kama uko uwanja wa ndege, unajisahau unakanyaga mafuta, kumbe mbele kuna sehemu chini bado mbichi, ganda linavunjika tairi inazama kwenye tope mpaka ekseli inakaa chini. Hapo hata uweke fowili inachimba tu. Na usiseme mbona mvua haijanyesha, maji yanashuka kutoka milima ya pembeni, Kulal na Marsabit, yaani juu yako kweupe na jangwa lina tope. Ndo maana kule unafuata alama za matairi ya malori, huchori njia yako hata kama unaona kweupe pote. Na jua likiwaka unaona maji mbele, sio maji, unasogea nayo yanasogea.

Tamu yake? Asubuhi pale kwenye visima North Horr Wagabra wanaleta ngamia kunywesha, vumbi linapanda, kengele za mbao zinagonga shingoni, unaweza kukaa hapo mpaka mchana usichoke. Usiku nyota zote zimeshuka. Chungu ni upepo wa Loiyangalani, hema unalifunga kwenye gari na bado halikai, hulali. Na siku ya kwanza ya kimya unaifurahia, ikifika jioni ya pili unatamani hata mtu wa kugombana naye.

Kwa hiyo mpaka Marsabit nenda peke yako. Ukifika chukua kijana wa pale anayeijua njia, mlipe kwa siku, chakula juu yako. Ana lugha, anajua wapi pameloa, na mkikwama kuna wa kuchimba na wa kukanyaga mafuta. Pita na polisi uulize hali, kule wizi wa mifugo upo na mapigano yanaibuka.

BintiNewala
Hiyo ya kuchukua mwenyeji hata mimi nimeikubali.

MwanaMsimbati
Shukrani sana mkuu, umenifungua. Mafuta inakuwaje? Na kurudi napita wapi, maana Chalbi mara mbili sitaki.

DerevaMasafa
Jaza full Marsabit na madumu juu, mbele huko dizeli ni ya kupimiwa dukani na bei inauma. Maji ya kunywa weka mbali na ya rejeta. Kurudi toka Loiyangalani shuka kwenye ile mitambo ya umeme wa upepo, iko 365, utaiona toka mbali, wenye mradi waliitengeneza barabara mpaka Laisamis kama kilomita 208 ili wapitishe vifaa. Ni ya changarawe, punguza upepo kwenye tairi. Laisamis unaikuta lami. Na Namanga usisahau kadi ya gari orijino na bima ya COMESA, ile kadi ya njano.

MwanaMsimbati
Sawa mkuu. Mama watoto nimemsomea uzi wote, kasema huyo kijana wa Marsabit ajulikane jina na namba kabla sijatoka Mtwara. Nakuja PM unipe mtu unayemwamini. Wiki hii gari linaingia gereji, naanza na hosi za rejeta na feni belti.