Pistole ya misumari: makelele mingi na inarukaruka mukononi, nifanye je?

FundiNdosho:
Bandugu habari, naomba musaada. Niko na atelie kiloko ya mbao hapa Ndosho, Goma, tunafanya ma paleti na ma nyumba za mbao. Mwezi mbili sasa nilinunua pistole ya misumari ya hewa na kompreseri ya lita 50, vyote okazio. Kwa kazi sina ya kusema, ukuta wenye tulikuwa tunapiga na nyundo siku mbili sasa saa sita ya mchana tumemaliza. Lakini shida ni mbili. Kwanza makelele, mama wa nyuma ya lupango ako na mutoto muchanga na ameisha kuja mara tatu, na minamuelewa kabisa juu nyumba yake ni ya mbao pia, inaita kama ngoma. Ya pili iyi pistole inarudisha nguvu mubaya, magaribi kiwiko kinaniuma mupaka kushika kikombe ya chai ni shida, na mara ingine inatosha misumari mbili pahali pa moja. Niko napiga na presio (nguvu ya hewa) ya bari 8. Munasema je?

Kaka_Majengo:
Funga kitambaa pale hewa inatokea na elastike, makelele inakufa palepale. Mie njo nafanyaka ivyo, na sijanunua kitu.

Muzee_wa_Hewa:
Kaka hapana, usimupoteze mwenzako. Ile hewa ikisha kusukuma pistoni (kile kipande cha ndani chenye kinapiga musumari) chini lazima itoke mbio ili pistoni ipande tena, ukiiziba na kitambaa pistoni inachelewa kurudi, musumari wa pili unaingia nusu, kisha vipande vya kitambaa vinaingia ndani. Kuko silansie ya kweli, ile kiloko ya shaba yenye vitundu vidogo vidogo, lakini si kila pistole iko na pahali pa kuifunga, na ikijaa vumbi ya mbao inafanya sawa na kile kitambaa. Kama yako iko na kifuniko ya kuzungusha kwa juu, geuza tu hewa itokee mbele, isikupige mu sikio.

Sasa FundiNdosho, minaona shida yako inaanzia kwa ile bari 8. Mapistole mingi ya ma shevro (mbao za kubeba paa) inatumika kati ya bari 5 na 8, maana 8 ni mwisho, si ya kila siku. Musumari unakamata nguvu yenye unahitaji, yenye inabakia inaenda wapi? Inagonga kaushu (mupira wa kuzuia pistoni) ya chini ya silinda, inatoka na makelele, na ingine inapanda mu mukono wako. Fanya ivi: shusha presio mupaka kichwa cha musumari kibakie kimetokea kiloko, kisha pandisha polepole mupaka kilale sawa na mbao. Simama pale. Ukibadilisha mbao unaanza tena, juu mukaratusi mukavu si sawa na mbao mubichi.

Na uangalie ile kaushu yenyewe, pistole ya okazio mara mingi inakuja imeisha kuikula. Ikiisha, pistoni inagonga chuma, utasikia sauti imekuwa kali kama nyundo ju ya chuma, na ata hewa inavuja. Toa tiyo ya hewa kwanza mbele ya kufungua, tena toa na misumari.

Bukavu_Nyawera:
Muzee amesema vizuri, naongeza ya ile misumari mbili. Pistole yako iko na trigeri ya kupigapiga, si ndio? Unaacha kidole kimefinya, unagusisha tu pua ya pistole ku mbao, musumari unatoka. Sasa ikirudi nyuma na nguvu, mukono wako unaisukuma tena mbele, pua inagusa mara ya pili na kidole kingali kimefinya, njo musumari wa pili. Tafuta trigeri ya moja moja: unagusisha kwanza kisha unafinya. Batu ba Marekani benye bamechunguza ile mambo banasema ya kupigapiga inaleta ajali karibu mara mbili. Mie nilimuona kijana amejipiga musumari mu paja, sitaki kuelezea.

Kuko kitu ingine batu banasahau, huku kwetu ni juu, Goma mita 1.500 hivi, hewa ni nyepesi, kila pigo ya kompreseri inameza hewa kiloko kuliko kule pwani, kama sehemu moja juu ya sita inapungua. Kompreseri kiloko inachoka, presio inashuka wakati unapiga mbio, na wewe unafikiri dawa ni kupandisha detandere (ile ya kurekebisha presio)! Angalia tiyo kwanza, ukiwa na ile nyembamba ya milimita 6 na ni ndefu, manometre (ile saa ya presio) inakudanganya, inaonesha 8 na ku pistole haifike. Weka ya 10, fupi.

Mukono: usikaze kiwiko kama unasukuma gari, na usiache tiyo ivute pistole chini. Mbao ikirukaruka pistole inaruka na yenyewe, kwa hiyo lazisha paleti ju ya ma saki ya muchanga. Na makelele inapungua, juu mbao yenye haina kitu chini inapiga kelele kuliko pistole.

FundiNdosho:
Nimerudi. Nimefungua, kaushu ilikuwa imepasuka vipande viwili! Nimeweka ingine, tiyo ya 10, sasa niko napiga na 6 mu mbao ya kawaida na 7 mu mukaratusi. Saki ya muchanga imesaidia kuliko nilivyofikiri. Kompreseri nimeiweka inje ju ya peno ya gari ya zamani. Kiwiko bado lakini si kama mbele. Mama wa nyuma tumeelewana, mbele ya saa mbili ya asubui napiga na nyundo. Na kaske ya masikio ni lazima kweli ama nitie pamba?

Muzee_wa_Hewa:
Pamba haisaidie sana. Banahesabu desibeli 85 (kipimo cha makelele) njo mwisho kwa saa 8, ikiongezeka 3 saa inakatwa nusu, donc ku 100 uko na dakika 15 tu ya siku nzima, na pistole inaweza kufika pale. Nunua kaske, na ya kijana mwenye anakushikia mbao pia, juu yeye njo ako karibu na pua. Kompreseri usiifunge mu sanduku, itaungua.

Kaka_Majengo:
Bon, nimetoa kitambaa. Ile kaushu ulipata wapi, ku Birere, ile kartie ya Goma?

FundiNdosho:
Ndio, kwa ba fundi ba ma kompreseri, lakini beba ile ya zamani mu mukono, bila ile batakuuzia yenye haiingie.