Bastola ya dubu: dukani wamenigomea kwa kadi na PO Box

Mama Neema, Soldotna

Habari zenu wote, wakubwa shikamooni. Nina shida na naomba msaada kabla samoni hawajaanza kupanda mtoni. Jana nimeenda duka moja la bunduki huku peninsula ya Kenai, Alaska, kununua bastola ya kubeba tukienda kuvua na kuchuma bluberi, maana mwaka jana dubu wa kahawia alitutokea njiani na watoto, na mimi sirudii tena kwenda mikono mitupu. Nikajaza vizuri 4473, ile fomu ya serikali kuu ya kununua silaha, A-number yangu ya uhamiaji nikaweka, kijana wa kaunta akaomba grinikadi, kuiangalia muda umeisha. Nikamtolea I-797, barua ya uhamiaji ya kupokea ombi langu la uraia (N-400), inayoongeza muda wa kadi miezi 24, akasema hiyo karatasi haijui. Akageukia leseni ya udereva, ina PO Box, akasema hapo hawezi kabisa. Mwisho akaniambia asiye raia lazima awe na leseni ya uwindaji.

Maswali yangu: hayo yote ni kweli? Halafu baba Neema anataka rivolva, ile ya silinda, ya kipenyo cha .44, mimi naiona nzito, mwenzangu kazini ananiambia chukua Glock 20, bastola ya magazini, ubadilishe mtutu na springi. Mikono yangu midogo. Nishaurini.

Baba Zawadi, Anchorage

Pole sana dada. Kijana amechanganya mambo. Leseni ya uwindaji ni kwa wenye viza zisizo za uhamiaji, F-1 ya masomo, H-1B ya kazi, B-2 ya matembezi na kadhalika, wao ndio wanahitaji ile eksepsheni. Wewe ni mkazi wa kudumu, haikuhusu. Kadi nayo ikiisha muda hadhi yako haijaisha, na fomu inataka namba sio kadi. Kitambulisho ndicho lazima kiwe hai. Beba tu ushahidi kwamba umekaa Alaska siku 90 mfululizo, bili za umeme hivi.

Mzee wa Fairbanks

Baba Zawadi, siku 90 zilifutwa 2012. Tusiwape watu masharti yaliyokufa, ndio hivi hivi vijana wa kaunta wanavyoyaokota. Kinachombana huyu mama ni PO Box. 4473 inataka anwani ya unapolala. Leseni ikiwa na sanduku la posta unaongezea karatasi nyingine ya serikali yenye jina lako na anwani halisi, kwa mfano usajili wa gari. Angalia usajili wako umeandikwaje kabla hujaendesha kurudi huko.

Kaka wa Wasilla

Mnamzungusha dada wa watu bure. Si kuna shemeji ana uraia? Mpe hela akununulie, mambo yameisha jioni ile ile.

Mzee wa Fairbanks

HAPANA, na mtu yeyote asifuate huo ushauri. Swali la kwanza kabisa kwenye fomu linauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Shemeji akipokea hela yako na akajibu ndiyo, amedanganya serikali kuu, kifungo mpaka miaka 10, na akimnunulia mtu aliyekatazwa silaha sheria ya 2022 inafika mpaka miaka 15. Kwa sisi wenye grinikadi kosa la silaha ni tiketi ya kurudishwa makwao. Mtu anaweza kupewa bastola kama zawadi, hiyo ni halali, lakini hela yako ikishapita hapo sio zawadi tena. Na swali la bangi pia msilichukulie mzaha, Alaska wameihalalisha lakini ile fomu ni ya serikali kuu, ukivuta huruhusiwi kununua, ukivuta ukaandika huvuti umeongeza kosa juu ya kosa.

Kaka wa Wasilla

Sawa mzee, lakini sio lazima kuandika kwa herufi kubwa, tunasikia.

Ndugu wa Fizi, Anchorage

Bandugu, jambo. Miye nasoma haya yote roho inauma. Kwetu tulikimbia bunduki, tumelala msituni na watoto kwa sababu ya bunduki, tumekaa kambi ya Nyarugusu miaka mingi, leo nifike hapa niinunue niiweke ndani ya nyumba yenye watoto? Mke wangu akiiona tu hatalala. Sisemi mama Neema amekosea, naona alivyoogopa kwa ajili ya wanawe. Nauliza kwa wale wanaojua, hakuna njia nyingine ya kwenda mtoni? Na je, kumiliki silaha kunaharibu N-400?

Baba Zawadi, Anchorage

Kumiliki kihalali hakuharibu. Maswali ya silaha kwenye N-400 ni kama umewahi kuitumia dhidi ya mtu, kama umewahi kuwa kwenye kundi la wapiganaji, mambo hayo. Nyinyi mliotoka mashariki ya Kongo yajibuni kwa utulivu na kwa ukweli mtupu, na mtu ambaye aliwahi kushikishwa silaha kwa nguvu atafute wakili kwanza kabla ya kupeleka fomu.

Mvuvi wa Kodiak

Naomba niingie kwenye bastola zenyewe maana naona sheria imechukua uzi wote na dubu wamesahaulika. Huku kwetu dume kubwa linaweza kufika kilo 680, na akiamua kukukimbilia anakwenda kilomita 50 na zaidi kwa saa, yaani akianza mita 30 una sekunde mbili tu. Kwa hiyo swali sio ipi ina nguvu zaidi, swali ni ipi utaichomoa na kupiga ya pili ukiwa unatetemeka.

Rivolva ya .44, tuseme Smith & Wesson 629, ni kama kilo moja na robo, risasi sita, mtutu ukigusa mwili wa dubu aliyekulalia bado inafyatuka. Hilo ni kubwa, kwa sababu bastola ya magazini ukiigandamiza kwenye mwili slaidi inarudi nyuma kidogo na haifyatuki. Ila .44 inarusha mkono vibaya, wengi risasi ya pili inakwenda mbinguni. Kuna 329PD ya madini mepesi, gramu 700 tu, watu wanaipenda dukani kwa wepesi, lakini ukiweka risasi nzito ile kiki inavuta vichwa vya risasi nje ya maganda kidogo kidogo mpaka silinda inagoma kuzunguka. Ruger Super Redhawk Alaskan ya .454 ni chuma kweli ila sio ya mikono midogo, naomba baba Neema asinichukie.

Glock 20 ni 10mm, magazini yake inachukua 15, kiki yake inavumilika. Weka risasi ngumu ya madini ya risasi (lead) yenye uzito wa greni 200 mpaka 220, ile bapa mbele, usiweke hizi zinazofunguka kama ua za kujilinda na watu, dubu ana mfupa na mafuta na manyoya, unataka ipenye. Kuhusu kubadilisha mtutu, mwenzako hajakosea, mitutu ya Glock ya zamani ina mikunjo ya mviringo ndani na kampuni yenyewe inakataza vichwa vya lead tupu kwa sababu masalia yanajaa, ndio watu wanaweka mtutu wa kampuni nyingine wenye mifereji ya kawaida. Springi nzito inasaidia kwa risasi kali, lakini kama kiganja hakishiki vizuri springi nzito inakuletea mkwamo, kwa hiyo jaribu ya kiwandani kwanza. Trigga iacheni kama ilivyo, trigga laini na mkono uliojaa adrenalini na glavu sio rafiki. Weka saiti ya mbele ya rangi ya chungwa inayong'aa, na holsta (mfuko wa bastola) ya kifuani, kwa sababu ukivaa waders (suruali za mpira za kuvulia) na mkanda wa begi kiuno chote kimezibwa.

Mzee wa Fairbanks

Mvuvi, 629 yenye mtutu wa inchi 4 haifiki kilo moja na robo, iko chini kidogo. Kilo na robo ni huyo Alaskan wa Ruger.

Mvuvi wa Kodiak

Gramu chache tu mzee wangu. Dubu hapimi.

Dada wa Whitehorse, Yukon

Wengine tuko upande wa pili wa mpaka, kwa hiyo mkumbuke jambo moja. Anayehama kutoka jimbo la Washington au Minnesota kwenda Alaska kwa gari, bastola USIPITE NAYO huku. Kanada tangu tarehe 21 Oktoba 2022 hata sisi wenye leseni hatununui wala kuuziana bastola, na mgeni akikamatwa nayo mpakani gari linaweza kubaki na yeye akabaki. Shotgani ya kawaida ya pampu inapita kwa fomu ya RCMP (polisi wa Kanada) 5589 na dola 25. Sisi huku tunatembea na shotgani yenye slagi (risasi moja nzito), au spreyi ya pilipili, na wanaopewa kibali cha bastola porini ni watu wa kazi kama watega mitego. Spreyi ya dubu inapita kama imeandikwa wazi kuwa ni ya wanyama.

Nesi wa Juneau

Asante dada kwa kutaja spreyi maana nilikuwa nasubiri nani ataitaja. Watafiti wa dubu Smith na Herrero walichapisha 2008 matukio ya Alaska, spreyi ilimzuia dubu wa kahawia kwa asilimia 92, na waliokuwa nayo asilimia 98 hawakuumizwa kwenye matukio ya karibu. Ndugu wa Fizi, njia nyingine ndiyo hiyo. Haina fomu, haina A-number, unanunua na soseji zako unaondoka.

Mvuvi wa Kodiak

Na hao hao wakachapisha 2012 kuwa bastola zilifaulu asilimia 84. Na 2016 yule mwongoza wageni mzoefu Phil Shoemaker alimuua dubu kwa 9mm tu akiwa na wavuvi wake.

Nesi wa Juneau

Soma mpaka mwisho kaka. Kwenye matukio 269 ya bunduki walikuta waliofyatua na waliokuwa na silaha bila kuifyatua hawakutofautiana kwa kuumia. Na Shoemaker ni mtu aliyeishi na dubu maisha yake yote, mimi hapa wodini sijazoea hata kukunja ngumi. Upepo ukinigeukia nitakohoa, sawa, lakini sitampiga mwanangu risasi.

Mama Mkubwa, Anchorage

Wanangu, mmenikumbusha nyumbani Ifakara. Tembo wakishuka kutoka Udzungwa kwenye mpunga, wazee wanaponda pilipili wanachanganya na oili chafu, wanapaka matambara wanayaning'iniza kwenye kamba kuzunguka shamba. Hakuna aliyekuwa na bunduki, bunduki ilikuwa ya bwana nyama na bwana nyama alikuwa anafika tembo ameshakula. Halafu unaambiwa ujaze fomu ya kifuta jasho, na akifa mtu ni kifuta machozi, unasubiri mpaka unasahau. Hapa angalau dubu akija mtu anapokea simu.

Kaka wa Wasilla

Mama Mkubwa umesema kweli, kule mnyama ana serikali yake na mkulima hana. Mjomba wangu Meatu amelima pamba ya kuwalisha tembo na fidia hajaiona mpaka leo. Halafu wanasimama jukwaani wanataja watalii.

Baba Zawadi, Anchorage

Turudi kwenye mada jamani, siasa ina uzi wake. Na kabla mtu hajafyatua ajue DLP, kanuni ya kuua mnyama kwa kujitetea au kulinda mali. Ukimuua dubu kwa kujitetea ngozi sio yako. Unamchuna wewe mwenyewe, ngozi nzima na kucha zake pamoja na fuvu unawapelekea Fish and Game, idara ya wanyamapori ya Alaska, taarifa mara moja na fomu ndani ya siku 15. Kama ulimvuta kwa takataka au samaki ulioacha, utetezi haupo. Mtoni Russian River mabaki ya samaki yakatwe vipande yatupwe kwenye maji yanayokwenda kasi, begi la chakula lisikae mbali nawe. Wengi wa dubu wanaotusumbua pale wamefundishwa na sisi.

Mama Neema, Soldotna

Asanteni wote. Usajili wa gari nimeuangalia, nao una PO Box. Leseni ya kuvulia ina anwani ya nyumbani, je hiyo wanakubali? Na hakuna aliyenijibu kuhusu mikono midogo.

Mvuvi wa Kodiak

Leseni ya kuvulia ni karatasi ya serikali, jaribu, ila piga simu kwanza. Mikono: Glock 20SF ina mshiko mwembamba kidogo. Usinunue hujaishika ukiwa na glavu.

Mwanafunzi wa Missoula

Samahanini, nimechelewa kuona. Nina F-1, nakuja Anchorage mwezi ujao kwa ndege kumtembelea dada. Spreyi ninayo tayari, naiweka kwenye begi la chini au la mkononi?

Nesi wa Juneau

Kwenye lolote hairuhusiwi. Iache Missoula, nunua ukifika. Ukipanda ndege ndogo za kwenda porini mwambie rubani mapema, wengine wanaifunga kwenye floti za nje.