Muvi inasemwa ilianguka sinema halafu mpaka kinyozi anaijua, hizi hesabu zikoje?

Kombo_wa_Deki
Wakuu habari za jioni. Nina swali limenikaa kichwani tangu Jumamosi, naombeni mnieleweshe na msinicheke.

Nilikuwa kwa kinyozi huku Mbagala nasubiri zamu, tivii yao inaonyesha Fight Club. Tulikuwa watu wanne kwenye benchi na watatu wanaijua yote, jamaa mmoja anamsemea Brad Pitt kabla hata hajafungua mdomo, kinyozi mwenyewe mashine kaishika juu ya kichwa cha mteja kasahau kunyoa. Nimerudi home nikasema ngoja niisome hii muvi kidogo, nakuta wanasema mwaka 1999 ilipotoka ILIFELI. Bajeti dola milioni 63, Marekani ikaambulia milioni 37, dunia nzima ndio ikafika kama milioni 100.

Sasa hapo ndipo naposhindwa kuelewa, 100 toa 63 inabaki 37, hasara iko wapi? Au wenzetu wanahesabu kwa mkono wa kushoto? Halafu mwaka huohuo, miezi miwili tu kabla yake, ilitoka The Sixth Sense, bajeti milioni 40 ikaingiza milioni 670 na ushee. Zote thrila (muvi za kukukalisha roho juu), zote zina ile siri ya mwisho inayokufanya ushike kichwa useme kumbe! Mbona moja ikapaa na nyingine ikadondoka?

bishoo_mstaafu
Jina mkuu. Watu waliona ngumi wakajua ya ndondi 😂

hesabu_za_jioni
Bishoo umetania ila umegusa ukweli. Studio yenyewe ilinunua matangazo kwenye vipindi vya mieleka, yaani wanawaita watu waje kuangalia mapigano, na David Fincher aliyeiongoza alilalamika sana. Mpenda mieleka kaingia ukumbini kakuta jamaa hapati usingizi na anasimanga fanicha zake mwenyewe, unategemea akitoka amwambie nani aende? Wikiendi ya kwanza ilipata milioni 11 na kweli ilishika namba moja, baada ya hapo ikawa inashuka tu.

Sasa Kombo, hiyo hesabu yako. Milioni 100 ni hela ya tiketi, siyo hela ya studio. Chukulia daladala. Ukipanga nauli zote za kutwa nzima ukasema hizo ni za tajiri utakuwa umekosea, kuna mafuta, kuna dereva na konda wake, tajiri analetewa hesabu yake jioni basi. Sinema ni hivyohivyo, mwenye ukumbi anakata chake kwanza, kwa kukadiria studio inabakiwa na kama nusu, na nje ya Marekani mara nyingi inapungua zaidi, China ndio kabisa muvi ya kigeni inaondoka na robo tu. Kwa hiyo 100 yako weka 50 hivi. Na ile 63 ni ya kupiga picha muvi mpaka iishe, gharama za matangazo hazimo humo. Umeona shimo lilipo?

Kilichokuja kuitoa shimoni ni video. Na hapa lazima ujue kwamba enzi za kanda bei ilikuwa ya ajabu, kanda mpya ya VHS ya muvi kubwa duka la kukodisha Marekani lilikuwa linauziwa karibu dola 100, moja! Ndiyo maana watu walikuwa wanakodi, nani atatoa hela hiyo anunue. Mwaka 1998 Blockbuster, wale wenye maduka ya kukodisha video kule Marekani, wakakubaliana na studio wapewe kanda kwa bei chee halafu wagawane mapato ya kukodisha. Kipindi hichohicho DVD ndiyo imeingia, Marekani zilianza kuuzwa 1997, na yenyewe haikulenga duka, ililenga wewe hapo na dola zako 20 uinunue iwe yako. Fight Club ikatoka DVD mwaka 2000, disiki mbili, Fincher kasimamia mwenyewe mpaka vikorombwezo vyake. Ndani ya miaka 10 kanda na DVD zake zikauzwa zaidi ya milioni 6, ukiacha zaidi ya dola milioni 55 za kukodisha. Mwisho wa yote studio ikaondoka na faida ya kama milioni 10. Kwa muvi iliyozikwa mapema vile si haba.

BintiNgamiani
Jamani mmenikumbusha mbali. Miaka ya tisini mwishoni nilikuwa nakaa kaunta kwenye laibrari ya kukodisha kanda ya kaka yangu Tanga, chumba kimoja, rafu za mbao, feni moja na deki mbili, moja ya kuangalia na moja kazi yake kurudisha kanda nyuma maana watu walikuwa hawarudishi pamoja na kwamba faini tumeiandika ukutani kwa maka nyekundu. Daftari nalishika mimi, jina, kanda, siku ya kurudisha.

Nawaambia kitu nilichokiona kwa macho yangu. Muvi ya ngumi mtu anakodi, anarudisha, anachukua nyingine. Ya kihindi wanakodi familia nzima halafu inakaa wiki. Ila hizi za siri ya mwisho mtu anairudisha asubuhi halafu jioni anakuja kuiomba tena hiyohiyo! Nikimuuliza si umeshaiona, anasema nataka nione walinidanganyia wapi. Kwa hiyo kanda moja nakata hela mara mbili kwa mtu yuleyule. Ile Seven ya Fincher huyohuyo, yenye Brad Pitt na Morgan Freeman, kanda yetu mwisho ilikufa, na ilifia palepale, wanapotoka jangwani na lile sanduku linaletwa na gari. Mwanzo mpaka katikati picha safi kabisa, ikifika hapo inaanza chenga, inapinda, sauti inazama. Kwa nini? Watu walikuwa wanasogeza nyuma wanaangalia hapo hapo hapo. Kaka akawa anafungua kasha anakata ule utepe mbovu anaunga kwa selotepu, mpaka ikafika mahali muvi inaruka, steringi yuko garini ghafla yuko kituoni, wateja wananijia juu eti tumeificha sehemu tamu.

Ila mkuu hesabu_za_jioni, hizo senti zetu za Tanga hazikumfikia Fincher hata moja. Zile kanda zilikuwa zinakuja na watu kutoka Gafu (Uarabuni) na tayari zimeshadurufiwa, kava ni fotokopi. Mungu atusamehe.

hesabu_za_jioni
Hiyo ya chenga sehemu moja ndiyo thrila yenyewe hiyo binti 🙌 Na Seven haikusubiri video, 1995 ilikaa namba moja Marekani wiki nne mfululizo, bajeti milioni 33 tu, ikaingiza dunia nzima milioni 327.

mzaramo_wa_baridi
Naandika kutoka Minnesota, huku nje barafu ndio maana nina muda wa kubishana.

Mnaongea kama vile muvi yoyote ya maana ikianguka sinema inafufuka kwenye DVD. Siyo kweli. Chukueni Zodiac, Fincher huyohuyo, 2007, wakati DVD zimejaa kila supamaketi. Milioni 65 za kuitengeneza, dunia nzima milioni 84. Imetolewa na toleo la mwongozaji kwenye DVD, inasifiwa kila kona, mimi mwenyewe naiona ni kali kuliko zake zote, lakini niambieni nani hapa alikaa kwenye benchi la kinyozi watu wakawa wanaisemea? Hakuna. Ina masaa mawili na nusu na zaidi, muuaji hakamatwi (siharibu uhondo, ni kisa cha kweli, muuaji wa Zodiac hajawahi kukamatwa), hakuna sanduku la kurudia mwisho. Unamaliza una mawazo tu.

Halafu Gone Girl ya 2014, mtu yuleyule, milioni 61, ikaleta milioni 369. Tofauti ni nini? Mimi nina kipimo changu. Thrila inauza sinema kama unaweza kumsimulia mtu kwenye basi kwa sentensi moja akataka kushuka aende. Mke kapotea siku ya kumbukumbu ya ndoa yao, mume ndiye anashukiwa. Basi, umeuza tiketi. The Sixth Sense, mtoto anaona watu waliokufa. Umeuza. Na siri yake huwezi kumwambia mtu, utasema tu "nenda kaione halafu uje tuongee". Ndiyo maana wikiendi ya kwanza ilipata milioni 26 na kitu na ya pili 25 na kitu, haikushuka, wakati muvi nyingi wikiendi ya pili zinapukutika vibaya. Wiki tano namba moja. Sasa jaribu kumsimulia mtu Fight Club kwa sentensi moja. Utaishia "kuna jamaa…" halafu unakwama, na ukiendelea umeharibu. Muvi ya namna hiyo lazima akuletee rafiki yako nyumbani akwambie kaa hapa uangalie, nyamaza. Hiyo ni biashara ya DVD siyo ya tiketi.

Na kuilinda siri siyo mambo ya juzi. Mwongozaji Hitchcock na Psycho yake mwaka 1960, alikataza kumbi zisimuingize mtu yeyote muvi ikishaanza, hata awe nani. Watu wakapanga foleni nje. Muvi ya kama dola laki nane tu ile.

otis_wa_umo
Wasee wa TZ salaam kutoka Nairobi. Hapa kwetu kazi ya hiyo laibrari ya Tanga ilikuja kufanywa na movie shop, kaduka kadogo kana kompyuta moja na bana ya DVD (ya kuchomea disiki), finje (shilingi hamsini) unapewa, mwenye duka ndiye mshauri wako. Unamwambia "leta ya kupasua kichwa" anakuchagulia. Huyo jamaa alikuwa na nguvu kuliko trela yoyote. Memento mimi aliniuzia yeye, nikamrudishia asubuhi nikamwambia DVD imeharibika inacheza kutoka nyuma, akacheka mpaka akakaa chini 😭 kumbe ndivyo ilivyo.

mzaramo_wa_baridi
😂😂 Otis umeniua. Na Memento nayo ina stori yake, wasambazaji wakubwa Marekani waliiona wakaikataa, wakasema watazamaji hawataielewa. Newmarket waliotoa hela wakaamua kuisambaza wenyewe, ikaanza 2001 na kumbi chache sana zinahesabika kwa vidole, ikaenda inaongezeka kwa maneno ya watu tu. Bajeti milioni 9, ikafika kama milioni 40. Sentensi yangu moja inafanya kazi hapo pia, jamaa anamsaka aliyemuua mkewe ila kumbukumbu zake hazikai.

Kombo_wa_Deki
Nimeelewa sana wakuu asanteni, hiyo ya daladala imeniingia. Ila sasa leo hii itakuwaje? Laibrari zimekufa, huku kwetu unaenda na flashi yako unajaziwa muvi 20 kama unanunua dagaa, wengine Netflix. Fight Club ingetoka mwaka huu ingeokolewa na nini?

hesabu_za_jioni
Swali zuri na jibu lake chungu. Blockbuster waliomba kufilisika 2010, Netflix nao walioanza kwa kutuma DVD kwa posta walifunga hiyo huduma Septemba 2023. Ule mlango wa pili haupo. Disiki ilikuwa kila mtu akiinunua studio inaona hela yake, mwaka wa tano inaona, wa kumi inaona. Kwenye Netflix mara nyingi mwenye muvi analipwa mara moja mwanzoni, hata muvi ikija kupendwa na kila kinyozi Afrika Mashariki haiongezeki senti.

Kwa hiyo sasa naona wamegawanyika, wenye akili wanatengeneza kwa hela ndogo ili hata ikianguka isiumize, angalia Get Out 2017, milioni 4.5 ikarudisha milioni 255. Wengine wanauza mapema kabisa. Knives Out ilitengenezwa kwa milioni 40 ikaingiza 312 sinema, mwaka 2021 Netflix wakanunua mbili zinazofuata kwa zaidi ya milioni 400 kwa mujibu wa habari za wakati ule, hapo hakuna cha kusubiri kanda wala nini, hela imeshalala benki. Ila ile ya katikati, thrila ya milioni 60 ya ajabuajabu isiyoeleweka vizuri, nani anaweka hela yake hapo bila DVD ya kumkinga? Mimi nisingeweka.

otis_wa_umo
Ndio maana hata thrila yetu ya Kenya, 40 Sticks, ilienda Netflix 2020 moja kwa moja. Mwaka wenyewe kumbi zilikuwa zimefungwa pia, corona.

bishoo_mstaafu
Nyie watu mnajua mambo. Mimi nilikuwa natania tu

Kombo_wa_Deki
Otis umenitamanisha hiyo Memento, kuna mtu anayo iliyopangwa sawa? Kutoka mwanzo kwenda mwisho, mimi kichwa changu kizito.

mzaramo_wa_baridi
Ipo, ilifichwa kwenye DVD ya toleo maalumu. Unaingia kwenye menyu wanakupa picha za mwanamke anabadilisha tairi, unazipanga kinyumenyume, ukipatia ndiyo muvi inacheza kwa mpangilio wa kawaida. Ninayo kabatini. Ila angalia kwanza ile iliyopinda, ukianza na hii umejiibia.

BintiNgamiani
Mzaramo ukija likizo njoo nayo. Deki bado ninayo moja, ya DVD sasa. Na faini ya kuchelewesha utalipa wewe.